Chemsha maji, lakini sugua na dumu

Chukua dumu la lita 20 lililobeba maji ya kunywa kwa miezi kadhaa. Fungua kifuniko, ingiza kidole shingoni, papasa upande wa ndani. Kidole kitateleza. Utelezi huo wengi wetu tumeuzoea na hatuushangai tena, lakini ni bakteria hai kwa mamilioni, waliojibandika ukutani na kujifunika ute walioutengeneza wenyewe. Maji yanamiminwa, yanajazwa mengine, wao wamebaki pale pale.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Dodoma na nyanda za kati za Tanzania. Jiji halina mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua yake ni kama milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa zaidi ya nusu karne mji umetegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa kaskazini, ambako maji ya ardhini hujazwa zaidi na ile miaka michache ya mvua kubwa, kama El Nino ya 1997 na 1998. Watumiaji nao wameongezeka mno. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji lile lile. Serikali imehamia, vyuo vimepanuka, mitaa mipya imeota kila upande, na visima vimeshindwa kwenda na kasi hiyo.

Ndiyo maana kuna mgao. Maji yakitoka leo, ni ya kuwekwa akiba mpaka yatoke tena. Wenye uwezo wanajaza simtanki, wengine mapipa, ndoo na madumu. Katika wilaya za Bahi, Chamwino, Chemba na Kongwa akiba hiyo huletwa kwa baiskeli, kwa mkokoteni wa punda au kichwani, kutoka kisimani, lamboni au kwenye mashimo yaliyofukuliwa katika mchanga wa mto uliokauka. Kabla ya kufika kinywani, maji ya hapa hulala chomboni siku moja, mbili, pengine wiki.

Kwa miaka mingi elimu ya afya imetufundisha kuyatazama maji: yachemshe, yachuje, yatie dawa. Ni elimu sahihi na imeokoa watu wengi. Lakini imeacha upande mmoja gizani. Bakteria wengi wa majini hawaishi kwa kuelea. Wanaishi kwa kushika. Asiyejua wanavyoshika anaweza kuchemsha maji kila siku na watoto wake wakaendelea kuharisha.

Wanavyoshika

Bakteria mmoja ana urefu wa mikroni moja au mbili, kwa hiyo wakipangwa 1,000 kwenye mstari hawazidi milimita moja au mbili. Akielea katika maji yenye virutubisho haba, kiumbe huyu ana njaa. Ukutani kuna nafuu, kwa sababu chakula kilichoyeyuka majini hukusanyika kwenye uso wa kitu kigumu. Claude ZoBell, mtafiti wa viumbe wa bahari huko California, alieleza hilo mwaka 1943: bakteria wa maji ya bahari walistawi zaidi katika chupa ambazo eneo la kioo lilikuwa kubwa kulinganisha na maji yaliyomo.

Dumu jipya likitiwa maji, ukuta wake haubaki plastiki tupu. Muda si muda protini na mabaki ya mimea na udongo yaliyoyeyuka majini huubandika tabaka jembamba sana. Tabaka hilo ndilo bakteria analokutana nalo kwanza. Kulifikia si rahisi, kwa kuwa ganda la bakteria wengi lina chaji hasi, na nyuso nyingi zilizozama majini zina chaji hasi pia. Zinasukumana. Bakteria huvuka kizuizi hicho kwa kuogelea na mkia wake, na akishakaribia vya kutosha, nguvu ndogo za mvuto kati ya molekuli zinamshika.

Mwanzoni mshiko ni dhaifu. Maji yakipita kwa nguvu, anang'oka na kuondoka. Akibaki, anatoa nyuzi za protini nyembamba kuliko kitu chochote tunachoweza kukiona kwa macho, na ncha za nyuzi hizo zinajishikiza ukutani. Ndani ya mwili wake huongezeka kemikali iitwayo saikliki-dai-GMP, ambayo Moshe Benziman na wenzake walieleza habari zake mwaka 1987 wakiwa Jerusalem. Kemikali hiyo ikipanda, mkia huacha kazi na ute huanza kutengenezwa. Bakteria hugawanyika, watoto wanabaki hapo hapo, na wageni wanaopita majini wanajiunga.

Ute wenyewe ni mchanganyiko wa sukari ndefu, protini, na hata nyuzi za DNA zilizotoka kwa bakteria waliokufa. Chumvi za kalsiamu huziunganisha sukari hizo na kuukaza ute. Maji ya visima vingi vya nyanda za kati ni magumu, yana chumvi hizo kwa wingi. Ndizo zinazoacha gamba jeupe ndani ya birika na kwenye koki. Gamba hilo nalo lina vijishimo na mikunjo, na bakteria hujificha humo msuguo usiwafikie.

Ukoga wa meno ni jambo hilo hilo. Katika miaka ya 1680 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikwangua ukoga wa meno yake, akautazama kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, akaona viumbe wakitembea. Alipojaribu siki, aligundua kuwa iliwaua walio nje, na waliokuwa ndani ya ukoga wakapona. Karibu miaka 300 baadaye, mwaka 1978, Bill Costerton wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, pamoja na wenzake wawili, waliandika makala yaliyowaamsha wanasayansi wengi: kushikamana na vitu ndiyo desturi ya kawaida ya bakteria, na wale wanaoelea peke yao katika chupa za maabara ndio wachache.

Kile alichokiona Leeuwenhoek kwa siki kinatuhusu leo kwa klorini. Mwaka 1988 Mark LeChevallier na wenzake, nchini Marekani, walipima nguvu ya klorini dhidi ya bakteria walioelea na wale waliojibandika. Waliojibandika walihimili dawa mara 150 hadi zaidi ya mara 3,000 kuliko wenzao. Kidonge cha kutibu maji ya kunywa hakikuwekewa nguvu ya kupambana na ukuta wa dumu lenye ukoga. Dawa hiyo inatumika ikipigana na ute, na inayobaki kwa ajili ya maji yenyewe inapungua.

Mshiko mmoja, dimbwini na tumboni

Hakuna bakteria anayeonyesha hatari ya mshiko huu kuliko yule wa kipindupindu. Kwa kawaida ni kiumbe wa maji. Anaishi kwenye midomo ya mito na maji ya pwani akiwa amejibandika kwenye vijidudu vidogo vya jamii ya kamba, ambavyo ganda lake limejengwa kwa kaitini, kitu kile kile kilichojenga ganda la panzi na la kumbikumbi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mwaka 2015 matokeo yaliyoonyesha kuwa bakteria wa kipindupindu wenye uwezo wa kutoa sumu wapo katika midomo ya mito ya pwani ya Tanzania.

Mwaka huo huo, mwezi Agosti, kipindupindu kililipuka Dar es Salaam na kusambaa karibu nchi nzima, Dodoma ikiwemo. Hadi mwanzoni mwa 2018 taifa lilikuwa limehesabu wagonjwa zaidi ya 30,000 na vifo zaidi ya 500.

Kiumbe wa maji ya pwani anawezaje kukaa ndani ya utumbo wa binadamu? Jibu moja kubwa lilitolewa mwaka 2005 na watafiti wa Dartmouth, Marekani. Walibaini protini iitwayo GbpA, ambayo bakteria wa kipindupindu huitumia kushika kaitini. Kaitini ni mnyororo wa sukari ya aina moja. Sukari hiyo hiyo imo katika ute unaofunika ukuta wa utumbo wetu. Protini inayomshikiza bakteria kwenye ganda la mdudu dimbwini ndiyo inayomshikiza tumboni mwa mtoto. Hahitaji kujifunza upya. Anafika na kushika.

Baada ya hapo hutoa nyuzi nyingine zinazowafunga wao kwa wao katika vikundi, kisha sumu. Sumu hiyo hulazimisha seli za utumbo kumwaga maji na chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, na ndiyo maana maji ya chumvichumvi na mwendo wa haraka kwenda kituo cha afya havina mbadala.

Kujua anachokishika kumeleta kinga isiyo na gharama. Mtafiti Rita Colwell na wenzake walifikiri hivi: bakteria mmoja mmoja hachujiki kwa kitambaa, lakini kile kijidudu alichojibandika kinachujika. Katika vijiji vya Matlab, Bangladesh, wanawake waliombwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kikipungua kwa asilimia 48. Kitambaa kikuukuu kilifaa kuliko kipya, kwa sababu nyuzi zake zimefumuka na kuziba matundu. Wanaochota lamboni katika nyanda hizi wamekuwa wakichuja kwa kanga tangu zamani. Wasiache. Wakunje mara nne, wakimaliza wafue kanga hiyo na kuianika juani hadi ikauke, kwa maana kitambaa kibichi nacho ni mahali pa kushika. Kuchuja huko hakuchukui nafasi ya kuchemsha. Kunapunguza mzigo kabla ya kuchemsha.

Bakteria wengine wana mbinu zao. Wa homa ya matumbo, ambayo wengi tunaiita taifodi, wanaweza kubaki kwenye nyongo ya mtu aliyekwisha kupona, na mara nyingi hukaa juu ya mawe ya nyongo wakiwa wamejifunika ute. Mtu huyo haumwi, lakini anaendelea kuwatoa kwa miaka. E. koli, yule anayetumika kupima kama maji yameingiwa na kinyesi, ana nyuzi ambazo ncha zake hushika sukari iliyo juu ya seli za mwili. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walionyesha jambo la ajabu kuhusu ncha hizo: mkondo wa maji ukiongezeka nguvu, mshiko unakaza. Ni kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, kadiri unavyomvuta ndivyo anavyong'ang'ania. Kwa hiyo mkojo unapita na kumwacha, chakula kinapita na kumwacha.

Mwili nao haukuumbwa bila silaha. Ute wa utumbo humwagwa na kufanywa upya kila mara, ukiondoka na waliojishikiza. Na maziwa ya mama yana sukari za aina nyingi ambazo mtoto hata hazimeng'enyi. Baadhi zinafanana na zile zilizo kwenye ukuta wa utumbo. Bakteria huzishika hizo kwa kudhani wamefika, kisha hutolewa pamoja nazo. Mama anayenyonyesha bila kumpa mwanawe maji kwa miezi sita ya mwanzo anamlinda mara mbili: anamwepusha na dumu, na anawanyima bakteria pa kushika. Jua la Dodoma linamfanya bibi aone huruma na kusema mtoto ana kiu. Tumweleze kwa heshima kwamba maziwa ya mama yana maji ya kumtosha.

Bombani nako wamo

Hans-Curt Flemming, mtaalamu wa Kijerumani aliyetumia maisha yake kuchunguza utando wa bakteria, amekadiria kuwa katika mtandao wa mabomba, asilimia kama 95 ya uhai wote wa bakteria uko kwenye kuta. Kinachotiririka ni asilimia tano. Wengi wa hao wa ukutani hawana madhara. Lakini ute wao unaweza kuwahifadhi wenye madhara wanaopitia, hasa kwenye bomba lililopasuka karibu na shimo la choo.

Mgao unazidisha tatizo. Bomba likiwa tupu, msukumo wa maji unapotea na uchafu wa nje unapata nafasi ya kuingia penye nyufa. Maji yakirudi kwa kishindo, yanabandua vipande vya utando na kuvisomba hadi kwa mtumiaji. Emily Kumpel na Kara Nelson walilichunguza hilo katika mji wa Hubli, India, ambako maji hutoka kwa zamu kama kwetu, wakakuta maji ya mwanzo baada ya bomba kufunguliwa ndiyo yenye tope na bakteria wengi. Tunachopaswa kufanya ni kidogo sana: maji yanayotoka kwanza baada ya mgao yaende kwenye kudeki, kufulia au chooni. Ya kunywa yakingwe baadaye, yakishatakata. Katika nchi ya ukame hakuna sababu ya kumwaga hata hayo ya kwanza.

Chini ya ardhi pia tuwe macho. Mwaka 1996 mwanajiolojia Hudson Nkotagu alichapisha utafiti kuhusu naitreti nyingi katika maji ya ardhini ya eneo la Dodoma, na maji taka ya makazi yalikuwa miongoni mwa vyanzo alivyovitaja. Penye njia ya naitreti kutoka chooni hadi kisimani, hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba bakteria hawana njia.

Mshiko unaotufaa

Ingekuwa kosa kumwona kila bakteria anayeshika kama adui. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Altona, mji uliopakana nao, ulichota maji kutoka mto ule ule wa Elbe, tena chini zaidi, baada ya maji taka ya Hamburg kuingia. Lakini Altona ilipona kwa kiasi kikubwa. Tofauti ilikuwa mchanga. Altona ilipitisha maji yake polepole kwenye vitanda vya mchanga, Hamburg haikufanya hivyo. Mtafiti wa Kijerumani Robert Koch alilitumia tukio hilo kuonyesha nguvu ya kuchuja. Kinachofanya kazi pale si mchanga mtupu. Juu ya kitanda huota utando wa bakteria na viumbe wengine wadogo, na utando huo huwanasa na kuwala wageni. Chujio jipya halichuji vizuri mpaka utando huo uote.

Kwa hiyo wazee wa nyanda za kati waliofukua mchanga wa mito inayokauka, kama Bubu na Kinyasungwe, hawakuwa wanakimbilia maji kwa sababu ya shida peke yake. Maji yaliyopita polepole kwenye mchanga yamepita kwenye kuta nyingi zenye utando wa namna hiyo, na huwa safi kuliko ya dimbwi lililo wazi. Yanaharibika pale shimo linapokanyagwa na ng'ombe na kata inapowekwa chini kisha kurudishwa majini. Wanaozungushia shimo miiba na kuwatengea mifugo shimo lao wanafanya jambo la kitaalamu. Profesa Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyeshinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, naye alianzia kwenye mchanga katika chujio lake, akauongezea malighafi ndogo sana zinazonasa kemikali.

Mlonge nao unafanya kazi kwa mshiko. Mbegu zake zikimenywa, zikatwangwa na kukorogwa majini, hutoa protini yenye chaji chanya. Udongo unaochafua maji ya lambo una chaji hasi, na bakteria wengi pia. Protini inawavuta pamoja, wanakuwa madonge, madonge yanazama, maji yanabaki juu yakiwa meupe. Baada ya kuchujwa, bado yachemshwe au yatiwe dawa. Lakini dawa ya klorini hufanya kazi vizuri zaidi katika maji yasiyo na tope, na mti wenyewe unahimili ukame wetu.

Kati ya bomba na kikombe

Ushahidi wa kwamba chombo ndicho kiungo dhaifu ni wa muda mrefu. Mwaka 2004 Jim Wright na wenzake walipitia tafiti 57 kutoka nchi zinazoendelea, wakaona kuwa katika karibu nusu yake maji yaliingiwa na uchafu baada ya kuchotwa, hata pale chanzo kilipokuwa salama. Hapa Tanzania watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwemo Amy Pickering, waliona uhusiano kati ya vijidudu vya kinyesi kwenye mikono ya wanakaya na vile vilivyokuwa katika maji waliyoyahifadhi. Afrika Kusini, Maggy Momba na mwenzake walionyesha mwaka 2002 kuwa vyombo vya plastiki viliwatunza bakteria ukutani kuliko vya mabati.

Kisa kinachofundisha zaidi kinatoka Malawi, katika kambi ya wakimbizi kutoka Msumbiji, mwaka 1993. Maji ya kisimani yalikuwa safi au karibu safi. Yalichafuka mara tu yalipoingia kwenye ndoo, hasa kwa kuguswa na mikono. Baadhi ya kaya zikapewa ndoo zenye mfuniko na mdomo mwembamba wa kumiminia, ambazo mkono hauwezi kuingia. Vijidudu vya kinyesi katika maji ya nyumbani vilipungua kwa asilimia 69, na kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulipungua kwa asilimia 31. Hakuna kisima kipya kilichochimbwa. Chombo tu kilibadilika.

Kipimo chetu cha usalama hakioni jambo hili. Viwango vya Tanzania vinataka maji ya kunywa yasiwe na E. koli hata mmoja katika mililita 100, na mpimaji hukinga chupa yake kwenye koki au kisimani. Akipata sifuri, ripoti inaandikwa safi. Ukuta wa dumu ambamo maji yale yatalala siku tatu haupimwi na mtu.

Kuchemsha nako kuna mpaka wake. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi kama 96. Joto hilo linatosha kabisa kuua vijidudu vya kuharisha. Yakishatokota vizuri, kazi imekwisha. Lakini maji yaliyochemshwa hayana dawa iliyobaki ndani ya kuyalinda. Ukiyarudisha kwenye dumu lile lile lenye ukoga, kuni zimeteketea bure.

Tunachoweza kufanya wiki hii

Kwenye vituo vingi vya maji utawaona kinamama wakitia gao la mchanga na vikokoto ndani ya dumu, maji kidogo, kisha wanalisukasuka kwa mikono miwili, wakiligeuza kitako juu na kichwa chini, wanamwaga maji ya kijivu na kurudia mpaka yatoke meupe. Wanajua walifanyalo. Ute ulioshika hauondoki kwa kusuuza, unaondoka kwa msuguo. Kazi yao inahitaji kuongezewa mambo manne tu. Wachague mchanga laini na sabuni badala ya kokoto zenye ncha, kwa sababu mikwaruzo ya ndani huwa maficho mapya ya bakteria. Dumu lililochakaa na kukwaruzika libaki la kufulia. Baada ya kusugua, ukuta upakwe maji yenye klorini kali kuliko ya kunywa, kwa kufuata maelekezo ya afisa afya au ya kwenye chupa, kisha usuuzwe. Mwisho, dumu ligeuzwe juu ya kichanja likauke kabisa juani. Bakteria wa kipindupindu hawahimili kukauka, na jua ndilo kitu tulichojaliwa kwa wingi kuliko maji.

Ndoo ya maji ya kunywa iwe na mfuniko na koki. Asiyeweza kununua ya koki amimine, asichovye kikombe. Dumu lililotoka dukani na mafuta ya kula lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka unata wa mafuta uishe, kwa kuwa mafuta yakibaki yanazuia sabuni na dawa kufika ukutani. Simtanki nayo ina kuta. Ipangiwe siku ya kusuguliwa kila baada ya miezi michache, hasa kabla ya mvua, na mwenye nyumba asiwaachie wapangaji peke yao jukumu hilo. Mwenye boza linalouza maji mitaani aulizwe lini mara ya mwisho ameliosha.

Mengine ni ya mamlaka. Watoa huduma ya maji, DUWASA mjini na RUWASA vijijini, pamoja na vyombo vya watumia maji, wanaweza kuweka kwenye kila kituo jukwaa dogo la zege la kusugulia, mchanga safi pembeni na mfereji wa kutoa maji machafu. Mwanamke anayenunua maji kwa ndoo hatayatumia kuoshea dumu kama anahesabu shilingi. Lita mbili za kuoshea zingetolewa bure, gharama yake ni ndogo kuliko dripu moja hospitalini. Maafisa afya wanaopima maji ya koki wachukue pia sampuli ya ukuta wa madumu ya kaya chache katika kila mtaa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba waombe kuona chombo, si choo tu.

Tunajua nchi hii inaweza. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili katika vikundi kando ya redio, wakajifunza na kutoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Walielezwa sababu, wakafanya.

Miradi mikubwa imetajwa kwa Dodoma: bwawa la Farkwa wilayani Chemba, na bomba la kuleta maji ya Ziwa Victoria. Tunaihitaji yote, na tuidai. Lakini maji hayo yatakapofika, kwa kaya nyingi yatamiminwa kwenye madumu yaliyopo leo, na yatakuwa salama kwa kadiri kuta za madumu hayo zilivyo safi. Kampeni ijayo ya kipindupindu isiishie kwenye "chemsha maji". Itaje dumu kwa jina, ionyeshe namna ya kulisugua, na ianze mwezi Novemba, kabla mvua ya kwanza haijasomba vyoo vyetu kuelekea mabondeni.